Sura ya Nne: Mto Uliorithi Sakafu ya Ziwa

Tarehe 18 Oktoba 1913, pembezoni mwa jiji la Winnipeg nchini Kanada, ghala la nafaka lilianza kuzama ardhini. Lilikuwa jengo jipya la zege, mali ya kampuni ya reli ya Canadian Pacific, lenye mapipa marefu 65 yaliyosimama bega kwa bega, na lilijengwa libebe busheli milioni moja za ngano. Siku hiyo lilikuwa limeshapokea kama busheli 875,000. Kwanza lilishuka wima, karibu sentimita 30 ndani ya saa moja. Kisha likaanza kuinama upande mmoja, polepole. Siku haikutimia, likawa limelala kwa nyuzi karibu 27, na nafaka bado imo ndani.

Ajabu ni kwamba zege lenyewe lilibaki zima. Kilichoshindwa ni ardhi iliyolibeba. Mafundi wakachimba chini ya upande uliobaki juu, wakalirudisha jengo wima kidogo kidogo, wakalisimamisha juu ya nguzo zilizokanyaga mwamba, na likaendelea kuhifadhi nafaka kwa miaka mingi. Hadi leo wanafunzi wa uhandisi husomeshwa habari za ghala hili la Transcona. Juni 1955 ghala jingine, mjini Fargo, zaidi ya kilomita 300 kusini mwa hapo, liliporomoka kabisa kwa sababu ya ardhi ya aina hiyohiyo.

Nimeanza na maghala kabla ya mto kwa makusudi. Anayetaka kuuelewa mto wa sura hii sharti kwanza aikanyage ardhi unayopita. Ni udongo wa mfinyanzi, mweusi juu na wa kijivu chini, laini kama unga uliosagwa mara tatu, na kina chake katika sehemu nyingi kinazidi mita 10. Mvua ikinyesha hunata kwenye soli za viatu, tabaka juu ya tabaka, mpaka mtu anatembea kama aliyefungwa matofali miguuni. Jua likiukausha, hupasuka nyufa zinazomeza kidole. Punje za udongo wa namna hii haziletwi na mto unaokwenda kasi. Hutua mahali ambapo maji yametulia kwa muda mrefu, yaani chini ya ziwa.

Ramani huuandika mto huu Red River of the North, usije ukachanganywa na mwenzake wa kusini anayepita Texas na Louisiana. Sisi tutauita Mto Mwekundu. Unaanzia pale mito miwili midogo, Bois de Sioux na Otter Tail, inapokutana kati ya miji jirani ya Wahpeton na Breckenridge nchini Marekani. Kutoka hapo unaelekea kaskazini: kushoto jimbo la North Dakota, kulia Minnesota, na mto wenyewe ndio mpaka. Unapita Fargo na Moorhead, unapita Grand Forks, unavuka mpaka wa Kanada karibu na Pembina, unalikata jiji la Winnipeg katikati, halafu unamwaga maji katika Ziwa Winnipeg. Urefu wake ni kama kilomita 885. Ndege akiruka kutoka chanzo hadi ziwani atasafiri karibu nusu yake tu. Nusu nyingine ni mizunguko. Na rangi yake si nyekundu. Ni kahawia, kama chai ya maziwa, kwa sababu ule udongo laini hauachi kuelea ndani ya maji.

Ziwa lililouacha udongo huo lilizaliwa kama miaka 13,000 iliyopita. Wakati huo barafu nene iliyofunika sehemu kubwa ya Kanada ilikuwa inayeyuka na kurudi nyuma kuelekea kaskazini. Ardhi ya hapa nayo inateremka kuelekea kaskazini, kwa hiyo maji yalikosa pa kwenda: mbele ukuta wa barafu, nyuma mwinuko. Yakajaa, yakatanda, yakawa ziwa ambalo katika ukubwa wake wa juu lilizidi Maziwa Makuu yote matano ya Amerika ya Kaskazini yakiwekwa pamoja. Mwaka 1823 William Keating, mwanajiolojia aliyefuatana na msafara wa Meja Stephen Long, aliitazama tambarare hii akatambua kwamba zamani ilikuwa chini ya maji. Mwaka 1879 Warren Upham akalipa ziwa hilo jina la Agassiz, kwa heshima ya Louis Agassiz, Mswisi aliyewashawishi wasomi wa karne ya 19 kwamba dunia iliwahi kupita katika enzi ya barafu.

Lilipofurika, Ziwa Agassiz lilipasua njia upande wa kusini. Mto uliotoka humo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba bonde ulilochimba bado linapwaya: Mto Minnesota wa leo unapita katikati yake kama mtoto aliyevaa kanzu ya babu yake. Mlango wenyewe upo hadi sasa, mahali panapoitwa Browns Valley. Kaskazini mwa kijiji hicho kuna Ziwa Traverse, ambalo maji yake huingia Mto Mwekundu na mwishowe kufika Ghuba ya Hudson. Kusini, kilomita chache tu, kuna Ziwa Big Stone, ambalo maji yake hushuka kwa Mto Mississippi hadi Ghuba ya Meksiko. Kinachotenganisha bahari hizo mbili ni ardhi ya chini sana, ambayo msafiri asiyejua anaivuka kwa gari bila kuhisi kwamba amepanda wala kushuka.

Barafu ilivyozidi kurudi nyuma, ziwa lilipata milango mingine, na kama miaka 8,200 iliyopita mabaki yake makubwa yalitoroka kwenda Ghuba ya Hudson. Ziwa Winnipeg, Ziwa Manitoba na Ziwa Winnipegosis ni madimbwi yaliyosalia sakafuni. Fukwe zake nazo zimesalia. Ukitoka Fargo ukaelekea mashariki au magharibi, baada ya makumi ya kilomita ya ardhi iliyonyooka kama mkeka unafika kwenye tuta refu la mchanga na changarawe lililosukumwa na mawimbi yasiyopiga tena. Wenye magari ya kukokotwa na ng'ombe wa karne ya 19 walipenda kusafiri juu ya matuta hayo, kwa kuwa yalikuwa makavu wakati tambarare yote imegeuka tope.

Hapo ndipo ulipo msingi wa sura hii. Mito mingi tunayoijua imejichongea bonde lake yenyewe kwa maelfu na malaki ya miaka: ina kuta, ina kina, na mafuriko yakija yana mahali pa kukaa. Mto Mwekundu haukuchonga chochote cha kutajika. Ulikuta sakafu tupu ya ziwa, ukajipitia juu yake, ukachimba mfereji mwembamba wenye mialoni na miti mingine kingoni. Watu huzungumza juu ya bonde la Mto Mwekundu, lakini ukisimama mita mia chache kutoka ukingoni huoni bonde lolote, unaona mstari wa miti na anga. Tambarare hiyo, ambayo upana wake hufika karibu kilomita 100, ni mali ya ziwa. Mto ni mpangaji.

Kutoka chanzo hadi Ziwa Winnipeg mto unashuka mita 70 tu. Hiyo ni wastani wa sentimita nane kwa kila kilomita moja, urefu wa kidole. Karibu na mpaka wa Kanada mteremko unapungua hadi sentimita mbili na nusu hivi kwa kilomita. Fundi seremala akitengeneza meza iliyonyooka kiasi hicho atasifiwa. Maji juu ya meza kama hiyo hayana sababu ya kufanya haraka, na yakizidi kingo hayana sababu ya kusimama. Kwa hiyo mafuriko ya hapa hayaji kwa kishindo kama ya mito ya milimani. Yanatanda, yakijongea shamba kwa shamba, na mtu anaweza kuyaona yakija kwa siku kadhaa kabla hayajafika mlangoni.

Kisha kuna mwelekeo. Mto kwenda kaskazini si ajabu. Nile pia huenda kaskazini. Tatizo ni kwenda kaskazini katika nchi ambayo majira ya baridi hugandisha kila kitu kwa miezi mitano. Majira ya kuchipua huanzia kusini. Theluji ya upande wa Wahpeton na Fargo inayeyuka mapema, na maji yake yanaanza safari. Mbele yake, kaskazini, mto bado una kifuniko cha barafu na ardhi bado ni ngumu kama jiwe, haiwezi kunywa hata tone. Maji mapya yanapanda juu ya barafu ya zamani. Barafu inapovunjika, mabamba yake yanasukumana na kukwama kwenye kona za mto, na mto una kona nyingi sana, na kila penye kizuizi maji yanarudi nyuma na kwenda pembeni. Huko pembeni hakuna mlima wala kilima cha kuyaambia yasimame.

Wakazi wa kule wameyajua mambo haya kwa muda mrefu, na kila mwaka huyahesabu kama mkulima wa kwetu anavyohesabu siku za masika. Mvua za mwisho kabla ya baridi zilikuwa nyingi? Ardhi iligandishwa ikiwa imelowa au kavu? Theluji imerundikana kiasi gani? Joto litakuja polepole, mchana kuyeyusha na usiku kugandisha, au litakuja kwa ghafla? Na mvua itanyesha juu ya theluji inayoyeyuka? Mambo haya matano yakienda vibaya pamoja katika mwaka mmoja, Ziwa Agassiz hurudi kwa wiki chache.

Mahali ambapo Mto Assiniboine unaingia katika Mto Mwekundu, katikati ya Winnipeg ya leo, watu wamekutana kwa miaka isiyopungua 6,000. Waanishinaabe, Wakrii, Waassiniboine na Wadakota waliyajua makutano hayo kwa biashara na kwa uvuvi. Jina Winnipeg lenyewe ni la Kikrii, na maana yake ni maji yenye matope. Ndani ya maji hayo wanaishi kambare wakubwa, ambao wavuvi husafiri kutoka mbali kuwafuata karibu na mji wa Selkirk.

Wazungu walikuja kwa ajili ya ngozi za manyoya, kisha kwa kilimo. Mwaka 1812 walowezi kutoka Skotilandi na Ayalandi walianza kufika chini ya mpango wa Bwana Selkirk. Mwaka 1817 Selkirk aliweka mkataba na Chifu Peguis na machifu wengine wanne. Ardhi iliyoruhusiwa kutumiwa na walowezi ilikuwa maili mbili kutoka ukingo wa mto, na kipimo kilichokumbukwa kuwaeleza watu umbali huo kilikuwa hiki: mbali kadiri mtu anavyoweza kuona mchana kweupe akichungulia chini ya tumbo la farasi. Nimesoma mikataba mingi ya ardhi, sijaona mwingine unaoieleza sura ya nchi vizuri namna hiyo. Katika nchi ya vilima kipimo hicho hakina maana. Kwenye sakafu ya ziwa kinafanya kazi.

Mashamba yakagawanywa kwa kufuata mto. Kila familia ilipata kipande chembamba kilichoanzia majini na kunyooka kwenda nyikani. Mbele palikuwa na maji, samaki na miti ya kuni. Katikati nyumba na bustani. Nyuma shamba, na nyuma zaidi majani ya kukatia mifugo. Majirani waliishi karibu karibu kama shanga kwenye uzi. Walioishi hivi wengi wao walikuwa Wametisi, taifa lililozaliwa na wanawake wenyeji na wanaume wa biashara ya manyoya, Wafaransa na Waskoti. Mara kwa mara walitoka kwa mamia kuwinda baisani, yule nyati wa Amerika mwenye nundu na manyoya mazito. Mizigo waliibeba kwa mkokoteni wa magurudumu mawili makubwa uliotengenezwa kwa mbao na ngozi bila msumari hata mmoja wa chuma. Ekseli yake haikutiwa mafuta, maana mafuta yangenasa vumbi na kuula mti. Kwa hiyo mbao zilisuguana kavu, na mlio wake ulisikika maili kadhaa kabla msafara haujaonekana. Mkokoteni ukivunjika, fundi alikata mti kando ya mto akautengeneza palepale. Ukifika kwenye maji mengi, magurudumu yalifunguliwa, ukageuzwa chelezo.

Mwaka 1869 Kanada ilikuwa inajiandaa kuichukua nchi hii kutoka kwa kampuni ya Hudson's Bay, na wapimaji wake walifika na minyororo ya kupimia. Mpango wao ulikuwa kuigawa ardhi yote kwa miraba iliyo sawa, mistari ya kaskazini-kusini na mashariki-magharibi, bila kujali mto unapita wapi. Tarehe 11 Oktoba walikuwa wanapima katika ardhi ya majani ya Mmetisi mmoja, André Nault. Kundi la Wametisi likaja, likiongozwa na Louis Riel, kijana ambaye hajatimiza miaka 25. Akaweka mguu wake juu ya mnyororo, akawaambia wasiendelee. Wapimaji wakafunga vifaa vyao.

Wanahistoria huyaeleza matukio yaliyofuata kwa lugha ya siasa, na siasa ilikuwamo: serikali ya muda ya Riel, Sheria ya Manitoba ya mwaka 1870, jimbo jipya, na mwisho Riel mwenyewe kunyongwa mjini Regina mwaka 1885. Lakini mgogoro ule ulianza kama mgogoro wa jiografia. Upande mmoja walikuwa watu walioipima nchi kuanzia mtoni. Upande wa pili walikuwa watu walioipima kuanzia ofisini, kwa rula. Ekari milioni 1.4 zilizoahidiwa watoto wa Wametisi ziligawiwa kwa ucheleweshaji na makosa mengi, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada ilitamka kwamba serikali haikutimiza wajibu wake kwa bidii iliyotakiwa. Leo ukiruka juu ya Manitoba kwa ndege unaiona miraba kila upande hadi upeo wa macho. Lakini sogea mtoni, utaona vile vipande vyembamba vya zamani bado vimejipanga, vikiuelekea mto.

Mafuriko makubwa kuliko yote yaliyokadiriwa tangu kumbukumbu zianze kuandikwa ni ya mwaka 1826, yaliyosomba makazi ya walowezi na kuwafukuza wengi wasirudi tena. Yalikuja mengine mwaka 1852 na 1861. Kisha likaja jambo baya kuliko mafuriko: miongo mingi ya utulivu. Watu wakasahau. Jiji likajengwa hadi ukingoni. Mei 1950 mto ukarudi, ukavunja matuta ya kinga, na takriban watu 100,000 wakaondoka Winnipeg.

Baada ya hapo Duff Roblin, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Manitoba, alisimamia wazo ambalo wapinzani walilikejeli kwa kuliita Mtaro wa Duff. Wazo lilikuwa kuuchimbia mto njia ya pili, ya kulizunguka jiji upande wa mashariki. Kazi ilianza mwaka 1962 ikaisha mwaka 1968. Mfereji una urefu wa kilomita 47, na udongo ulioondolewa ulifika mita za ujazo milioni 76. Mahali pa kuingilia, milango miwili ya chuma imelala chini ya mto, na siku za kawaida maji hupita juu yake. Mafuriko yakija milango huinuliwa taratibu, maji yanapanda nyuma yake, na sehemu inayozidi inamwagika mferejini, inalipita jiji kwa pembeni, inarudi mtoni karibu na Lockport. Gharama ilikuwa dola milioni 63 za Kanada. Hasara iliyoepukwa tangu wakati huo inahesabiwa kwa mabilioni mengi. Mtaro wa Duff ni miongoni mwa kazi chache za umma ambazo hata waliozipinga walikuja kuzishukuru.

Grand Forks haikuwa na mtaro. Katika majira ya baridi ya 1996 na 1997 tufani nane za theluji ziliipiga North Dakota, ya mwisho mapema Aprili, wakati watu wamekwisha kuona maji yakipanda. Wataalamu wa hali ya hewa walitabiri kwamba mto ungefika futi 49. Mji ukainua matuta yake kupita kiwango hicho, watu wakijaza mifuko ya mchanga usiku na mchana. Mto ulipita futi 49, ukapita 52, ukasimama futi 54.35. Karibu mji wote, wenye watu kama 50,000, ukahama, na jirani yake East Grand Forks ng'ambo ya mto ukahama pia. Tarehe 19 Aprili, katikati ya maji hayo, moto ulizuka mjini. Wazima moto walisimama kwenye maji ya baridi kali wakitazama majengo yakiungua, kwa sababu magari yao hayakuweza kufika. Majengo 11 yaliteketea, ikiwemo ofisi ya gazeti la Grand Forks Herald. Gazeti hilo halikukosa kutoka hata siku moja.

Upande wa Kanada maji hayohayo yalitanda kusini mwa Winnipeg kwa upana wa kilomita 40, na wenyeji wakayaita Bahari Nyekundu. Wataalamu waligundua kwamba bahari hiyo ingeweza kulizunguka jiji na kuingia kwa mlango wa nyuma, magharibi. Kwa siku chache, mchana na usiku, mitambo ikajenga tuta la dharura la zaidi ya kilomita 40 karibu na Brunkild. Jiji likaokoka. Mji mdogo wa Ste. Agathe, uliokuwa umejikinga upande wa mto, ulivamiwa kutoka upande wa pili ambao hakuna aliyeutazamia. Juu ya sakafu ya ziwa, maji hayalazimiki kuja kutoka mtoni.

Baadaye Grand Forks ilifanya uamuzi ninaouheshimu kuliko ukuta wowote. Ilinunua mamia ya nyumba zilizokuwa karibu na mto, ikazibomoa, ikarudisha matuta nyuma, na kuacha kati ya matuta na maji eneo pana la majani, njia za kutembea na miti. Mitaa ambayo watu walizaliwa ndani yake haipo tena. Uchungu wa hilo si mdogo. Lakini mto ulipewa nafasi, na mafuriko makubwa yaliyofuata yaliikuta nafasi hiyo ikisubiri.

Fargo ilipata zamu yake tarehe 28 Machi 2009, mto ulipofika futi 40.84, kiwango ambacho mji huo haujawahi kukiona kabla wala baada. Ndani ya ukumbi mkubwa wa michezo, wanafunzi, wazee, wafungwa na wageni walipanga mistari wakijaza mifuko ya mchanga. Iliyojazwa mjini ilizidi milioni tatu. Kazi hiyo ina ugumu wake. Mfuko ukiganda kabla ya kupangwa, haulali vizuri juu ya mwenzake, na maji hupata upenyo. Kwa hiyo mchanga ulipaswa kubaki na joto, na mifuko ibebwe upesi, mkono kwa mkono, kwenye baridi inayoumiza vidole. Mji ulinusurika. Sasa Fargo na Moorhead wanajenga mfereji wao wenyewe, wa kilomita 48, kuzunguka upande wa magharibi, pamoja na tuta refu la kusini la kuzuia maji wakati wa mafuriko.

Na hapa pana jambo ambalo wahandisi hawawezi kulimaliza peke yao. Maji yaliyozuiwa yasiingie mjini yanakaa shambani kwa mtu. Wakulima wa upande wa juu wa mto, nyuma ya tuta la Fargo, walipinga mradi kwa miaka, mpaka mahakamani, wakiuliza kwa nini ardhi yao iloe ili mji ukauke. Mwaka 2011, Mto Assiniboine ulipofurika, Manitoba ilielekeza maji mengi katika Ziwa Manitoba ili kuwalinda watu walioko upande wa chini wa mto. Maji hayo yakaendelea hadi Ziwa St. Martin, na jamii ya wenyeji wa pale ikapoteza makazi yake. Wengi walikaa uhamishoni, katika hoteli na nyumba za kupanga, zaidi ya miaka sita. Kwenye nchi iliyonyooka namna hii, kila tuta unalojenga ni uamuzi kuhusu jirani. Anayefaidika ana deni, na deni hilo lilipwe kwa fedha na kwa wakati, siyo kwa pole.

Mwisho wa safari ni Ziwa Winnipeg, kilomita za mraba karibu 24,500, wastani wa kina mita 12 tu. Mto Mwekundu huliletea sehemu ndogo ya maji yake, lakini huliletea zaidi ya nusu ya fosforasi. Mbolea ya mashamba, kinyesi cha mifugo na maji taka ya miji, vyote huoshwa kutoka kwenye udongo ule wenye rutuba, na kila mafuriko yanapotanda mashambani huondoka na zaidi. Fosforasi hulisha mwani, na wakati wa kiangazi utando wa kijani hutanda ziwani kiasi cha kuonekana kutoka kwenye satelaiti. Kutoka hapo maji huingia Mto Nelson na kwenda Ghuba ya Hudson.

Upande huo wa kaskazini, ardhi iliyolemewa na barafu kwa maelfu ya miaka bado inanyanyuka, kama godoro baada ya mtu kuamka, na inanyanyuka haraka kuliko kusini. Maana yake ni kwamba Ziwa Winnipeg linainamishwa polepole kuelekea kusini, na ule mteremko mdogo wa Mto Mwekundu unazidi kupungua. Karne kwa karne, mto utakuwa mvivu zaidi.

Nchi hii siyo ya mbali kama inavyodhaniwa. Katika mitaa ya Fargo na Winnipeg leo kunasikika Kiswahili cha familia zilizotoka Kongo, Burundi na kwingineko, watu waliokwisha kukimbia mara moja na wasiotaka kukimbia tena. Kama wewe ni mmoja wao, au una ndugu huko, kabla hujasaini mkataba wa nyumba muulize jirani mzee, siyo wakala, swali moja: mwaka 1997 na mwaka 2009, maji yalifika wapi? Kama atakuonyesha alama ukutani, ipime kwa mkono wako. Kama chumba cha kulala watoto kiko chini ya usawa wa ardhi, kihamishe juu kabla ya Machi.